Naombeni mwongozo: Ngorongoro, Oldupai na Lengai na familia, likizo ya mwezi wa sita

MamaWawili

Wakuu habari za leo, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu na kule kaskazini. Mwezi wa sita watoto wakifunga shule tunataka tutoke Dar twende Ngorongoro, tuko mimi, mzee baba, watoto wawili (12 na 8) na mama yangu mzazi ambaye ana miaka 67 na kila mwaka anasema hafi kabla hajaliona hilo shimo la kreta. Tunapanda na gari yetu, ya kawaida tu ya chini, sio four wheel.

Sasa maswali yangu. Hiyo gari inashuka kreta au tunajidanganya? Malipo yakoje kwa sisi Watanzania, maana nikiuliza huku mjini kila mtu ana bei yake na wengine wananitajia dola utadhani mimi mzungu. Kulala, ni bora tulale juu kule kwenye kingo au Karatu? Halafu mume wangu ameng'ang'ania kupanda Oldoinyo Lengai, ule mlima wa volkano, ameona picha sehemu, mimi naona kama anatafuta ubaya lakini siwezi kubishana na kitu nisichokijua. Na mwisho Oldupai, lile bonde la mabaki ya watu wa kale, inafaa kupoteza muda pale au ni mawe tu? Natanguliza shukrani, msinijibu kwa mkato jamani.

Seneto_Lerai

Karibu sana dada. Mimi nipo Karatu na usukani ndio kazi yangu kwahiyo nakujibu kwa ninachokiona.

Gari yenu itawafikisha Karatu bila presha, lami mwanzo mwisho. Mkitoka Arusha mnanyoosha na barabara ya Dodoma mpaka Makuyuni, pale mnakata kulia, mnapita Mto wa Mbu, mnapanda ule ukuta wa bonde la ufa (simameni juu pale mwangalie ziwa Manyara kwa chini, hakuna kiingilio na ni bonge la view) mnatokea Karatu. Lami inaendelea mpaka geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi. Ukishaingia geti ni vumbi, mlima na kona msituni, na asubuhi kuna ukungu mpaka unawasha taa. Kushuka kreta ni four wheel tu, hiyo sio ushauri ni sheria, geti la kushukia wanakuangalia na wanakurudisha. Mteremko wa Seneto, njia ya kushukia, sio mchezo na kupandia njia ya Lerai ndio usiseme. Cha kufanya, iacheni gari Karatu mlipolala, mkodi Landcruiser ya siku moja na dereva wake. Watu watano mnakaa vizuri, paa linafunguka, bibi anasimama anaona kila kitu bila kushuka.

Ila mkikodi ulizeni mapema na mwandikiane: bei hiyo mafuta yamo? Dereva yumo? Ada ya gari kushuka kreta nani anayelipa? Hapo ndipo watu wanapogombana getini saa kumi na mbili asubuhi na watoto wanalia na baridi.

Malipo. Kiingilio cha mwananchi wa Afrika Mashariki mtu mzima ni elfu kumi, ukiweka VAT inakuwa 11,800. Watoto kuanzia miaka 5 mpaka 15 wanalipa kidogo sana kuliko hapo, wa chini ya miaka 5 bure. Hizo dola ulizotajiwa ni za wageni. Ili upate bei ya mwananchi beba kitambulisho cha NIDA, wote watu wazima, usije ukasema si unaniona mimi Mbongo, askari wa geti kazi yake ni karatasi. Watoto beba hata picha ya vyeti vya kuzaliwa kwenye simu. Na cash hawapokei, unapewa kontro namba unalipa benki au kwa simu, kwahiyo hakikisha hela ipo kwenye laini kabla hujafika kwasababu mtandao kule juu unakuja na kuondoka unavyojisikia. Ada ya kreta ni kitu kingine kabisa, haimo kwenye kiingilio, na inatozwa kwa gari sio kwa kichwa.

Kingine ambacho watu hawakijui, kibali cha kuingia kinahesabiwa masaa 24 tangu mlipogonga geti. Mkiingia saa nane mchana, mkalala ndani, mkaamka alfajiri kushuka kreta, mnatakiwa muwe mmetoka kabla ya saa nane ya kesho yake. Mkipitisha mnalipa tena. Wanaopitiliza Serengeti na kurudi njia hiyohiyo nao wanalipa mara mbili, kwenda na kurudi.

Kulala mimi kwa familia yenye mzee na watoto naona Karatu. Juu kule ni zaidi ya mita 2,200 na mwezi wa sita usiku unashuka chini ya nyuzi kumi, kambi ya Simba kwenye kingo inapendeza kwa vijana wenye mahema, unaweza kuamka ukakuta pundamilia wanakula majani karibu na hema lako na tembo amekuja kunywa maji kwenye tenki, lakini bibi akitaka kwenda chooni saa nane usiku hapo mtaimba.

kibubu_tz

Hapo kwenye ada ya gari kutozwa kwa gari sio kwa kichwa ndio pa kupigia hesabu. Tafuteni familia nyingine mjaze gari muigawane, ile Landcruiser ndefu ina siti za abiria 7. Tatizo la Wabongo tunataka kwenda peke yetu kama mawaziri halafu tukirudi tunasema utalii wa ndani ni ghali.

Vumbi_la_Natron

Mimi naomba nijibu la shemeji na Lengai maana nimeona wengine wanalikwepa.

Dada mume wako hajachanganyikiwa, ule mlima ni wa peke yake duniani. Volkano zingine zinatoa lava ya silika, ile ya Lengai ni ya kaboneti, ina soda. Joto lake ni kama nyuzi 500 mpaka 600 hivi wakati lava ya kawaida inavuka 1,000. Kwahiyo mchana hata haiwaki nyekundu, ukiiona inatiririka ni nyeusi kama oil chafu ya gari, ikipoa ikakutana na unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Ule weupe unaouona kileleni kwenye picha watu wanadhani ni theluji, sio theluji, ni lava iliyochacha.

Sasa kuupanda. Urefu wake ni mita 2,962 ambazo mtu wa Kilimanjaro anaweza kuzicheka, asicheke. Kilimanjaro unatembea siku kadhaa kwa mteremko wa kistaarabu, hapa unaanza usiku wa manane kutokea chini kabisa ili jua lisikukute mlimani, na ni mwinuko wa moja kwa moja hakuna zigizaga, chini ni majivu, unapiga hatua moja mbele unarudi nusu. Masaa matano sita kupanda kwa mtu mwenye mazoezi. Sehemu za juu mnatumia mikono. Na watu wengi wanadhani kushuka ndio rahisi, kumbe magoti yanaishia hapo, mawe yanateleza, na wa nyuma yako akidondosha jiwe linakuja kwako.

Halafu kuna kitu lazima akijue. Zamani watu walikuwa wanatembea ndani ya kreta yake kabisa, sakafu ilikuwa imejaa karibu na ukingo. Mlipuko wa 2007 na 2008 ukabadilisha kila kitu, ulirusha majivu mpaka watu wa vijiji vya chini wakahama na mifugo, na pale juu pakabaki shimo refu lenye kuta wima. Ukingo wa shimo hilo sio mwamba wa kuaminika. Kwahiyo selfie za kuinama kuchungulia lava akaziache nyumbani. Asipande bila mtu wa pale Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, anayeujua mlima, na siku hiyo wakisema mlima umebadilika hatupandi, akubali, asianze mambo ya nimeshalipia.

Vitu vya kubeba: taa ya kichwani na betri za akiba, glovu za kazi zile ngumu (mawe yanakata), miwani na kitu cha kufunika pua maana vumbi lile lina soda linachoma macho, fimbo, maji sio chini ya lita tatu kwa mtu. Wamasai huko wanaenda kusali kwenye ule mlima mpaka leo, kwahiyo kelele za spika na kuacha chupa pale juu sio poa kabisa.

Watoto na bibi wasipande, hilo halina mjadala. Ila wanaweza kubaki chini wakafurahi kuliko yeye. Kuna maporomoko ya Ngare Sero, mnatembea ndani ya korongo mnavuka mto kwa miguu, vaeni sandozi ambazo hazichomoki mguuni. Kuna ziwa Natron ambako heroe wadogo wengi wa Afrika Mashariki wanakuja kutagia, na karibu na ziwa kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zimekauka kwenye majivu ya volkano, unaona kabisa huyu alikuwa anatembea huyu alikuwa anakimbia. Msimruhusu mtoto aingie ziwani peku, yale maji ni magadi makali.

Njia ya kwenda huko ni Mto wa Mbu unaacha lami unaelekea kaskazini kupitia Engaruka. Gari ya chini sahau. Masaa matatu na zaidi, vumbi linaingia mpaka kwenye begi lililofungwa. Na njiani kuna mageti ya halmashauri, kila wilaya na ushuru wake, muwe na akiba ya hela na mdai risiti kila geti, mkirudi mnaionyesha. Joto la Natron nalo ni habari nyingine, asubuhi mnatetemeka Ngorongoro jioni mnavua mashati.

Engaruka msipite tu, kuna magofu ya vijiji na mifereji ya umwagiliaji ya mawe, watu waliishi pale mamia ya miaka iliyopita wakilima kwa maji ya kutoka milimani halafu wakaondoka. Hata bango ni kama halipo, ulizia kijijini.

MwalimuWaJiog

Nimeona Oldupai imerukwa, na mtoa mada kauliza kama ni mawe tu. Ni mawe, ndio. Ila ni mawe yenye tarehe.

Kwa ufupi, volkano za pale zimekuwa zikimwaga majivu kwa mamilioni ya miaka, tabaka juu ya tabaka, na majivu ya volkano yanapimika umri. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey alipoliona lile fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, yale majivu ndiyo yaliyosaidia kujua kwamba lina karibu miaka milioni 1.75. Bila volkano tungekuwa na mifupa mizuri isiyojulikana ni ya lini. Fuvu lenyewe halisi halipo pale, lipo Makumbusho ya Taifa Dar, kwahiyo watoto wako wanaweza kuanza safari kwa kwenda Posta wiki moja kabla, na nawaambia wazazi wote wafanye hivyo kwasababu wakifika bondeni wanajua wanachokitafuta.

Pale Oldupai kuna makumbusho mapya na kuna sehemu ya kukaa unaangalia bonde huku mtaalamu anaeleza matabaka, lile jekundu katikati mtoto wa miaka 8 analielewa bila shida. Kuna pia nakala ya nyayo za zamadamu za Laetoli, zile za miaka milioni 3.6. Msiombe kupelekwa Laetoli kuona zenyewe, zilifukiwa makusudi ili zisiharibike. Nakala inatosha, simamisha mtoto pembeni yake alinganishe mguu.

Mkiwa na muda ombeni dereva awapeleke kwenye mchanga unaohama, ni karibu tu. Ni tuta la majivu meusi ya Lengai lenye umbo la mwezi mchanga, linasukumwa na upepo kama mita 17 kwa mwaka, na wameweka vigingi vya kuonyesha lilikuwa wapi mwaka gani. Msilipande. Watu wanalipanda kila siku na kila siku wanalibomoa.

Maoni yangu binafsi, watu wetu wakienda Ngorongoro wanashuka kreta, wanapiga picha simba, wanarudi Arusha kula kuku. Ile kreta yenyewe ni mlima ulioporomoka, inakadiriwa ulikuwa unakaribia Kilimanjaro kwa urefu, ukaishiwa magma (uji wa mawe ya moto) chini ukaanguka ndani, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita. Kilichobaki ni bakuli la kilomita za mraba 260 na kuta za mita 600. Ukishalijua hilo hata kama hujaona faru hujapoteza hela. Na eneo lote hilo, Ngorongoro mpaka Lengai, tangu 2018 ni jiopaki ya UNESCO, yaani eneo linalotambuliwa kwa jiolojia yake, ya kwanza Tanzania, ila ukiuliza kumi mtaani wanaijua wawili.

Oldupai wana kiingilio chao tofauti, nacho ni cha kontro namba.

MamaWawili

Jamani nimesoma zote mara mbili, asanteni mno, mzee baba amesoma ya Lengai akanyamaza, sijui kama ni kukubali au anajipanga. Maswali yamebaki machache. Mama ana presha, anatumia dawa, huo urefu wa mita 2,200 una shida? Na kushuka kreta mnakaa ndani muda gani, vyoo vipo? Na picha za Wamasai, nimesikia wanagomba.

Seneto_Lerai

Nijibu ya vyoo kwanza maana ndio swali la mtu mwenye akili. Vipo kwenye sehemu za mapumziko, ile ya msitu wa Lerai na ile ya Ngoitokitok kwenye bwawa la viboko. Kwingine kote hamruhusiwi kushuka kwenye gari, kwahiyo bibi aende Lerai hata kama hajisikii. Kreta inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni muwe nje, ila kwa familia nusu siku inatosha kabisa. Ingieni mapema. Mtakuta juu ukungu mzito hamuoni hata bonde mkadhani mmepigwa hela, shukeni tu, chini mara nyingi ni kweupe. Twiga msimtafute, kreta hakuna twiga. Faru wapo, wanaonekana kwa mbali sana, bebeni darubini.

Chakula cha mchana Ngoitokitok kulieni ndani ya gari. Kuna mwewe pale wamezoea, anakuja kwa nyuma, paja la kuku linaondoka mkononi na kucha zinakuachia mikwaruzo. Mtoto wa miaka 8 ndio wanampenda. Na pale geti la Lodoare pandisheni vioo wakati mnashughulikia karatasi, nyani wa pale wanafungua mpaka mlango.

Presha sitaki kujifanya daktari, aende kwa daktari wake kabla ya safari amuambie anakwenda mita 2,200 na kitu na aongozane na dawa mkononi, sio kwenye begi la juu ya gari. Ninachoweza kusema ni kwamba wazee wengi nawapeleka na sehemu ya kuangalia kreta kutokea juu ni hatua chache tu kutoka kwenye gari, hakuna ngazi ndefu. Chini kwenye sakafu ni kama mita 1,700 na ushee, nafuu zaidi. Asikimbizwe tu. Na Karatu mlalie usiku mmoja kabla, msitoke Arusha saa tisa usiku mkaunganisha.

Vumbi_la_Natron

Picha za watu ni ombi kwanza, na mara nyingi kuna hela kidogo, mpatane kabla ya kubonyeza. Boma za utamaduni zina bei kwa gari au kikundi, dereva anazijua. Wanaosimama barabarani watoto wadogo wamepakwa rangi msisimame, wanatakiwa kuwa shule.

Na shemeji nimuongezee moja, kama Lengai anaona sio yeye, aulizie Empakaai au Olmoti. Zote ni kreta, zote ziko ndani ya hifadhi, unatembea kwa miguu na askari mwenye bunduki kwasababu kuna nyati. Olmoti ni fupi, mnafika kwenye maporomoko, hata wa miaka 12 anakwenda. Empakaai unashuka mpaka ziwani, unakuta heroe, na wakati wa kupanda kurudi ndio utajua kama mazoezi uliyafanya, na siku isiyo na mawingu ukiwa kwenye kingo zake unaiona Lengai nzima. Askari wa kutembea naye muombeni ofisini mapema, sio asubuhi ile ile.

kibubu_tz

Mwezi wa sita msitegemee makundi ya nyumbu wa Ndutu, kule mpakani na Serengeti, hao wanazalia mwezi wa pili, kipindi hicho wameshakwenda zao kaskazini. Na toeni hela Karatu. Na mifuko ya plastiki ile ya kubebea maandazi iacheni Dar, marufuku tangu 2019.

MamaWawili

Olmoti ameikubali!! Kasema Lengai tutaongea mwakani akiwa amepungua. Mkuu Seneto nakufuata inbox kuhusu gari, tuko watano lakini kuna shemeji yangu na mkewe nao wamesikia wanataka kuja.

Seneto_Lerai

Wakija ndio siti saba zimejaa hizo, ada ya kreta mnagawana. Nitumie tarehe na umri wa watoto wote. Na waambie majaketi mazito, sio yale ya fasheni.